Sangara, pimbi na nukta saba: shajara ya klabu yetu ya wanyama

3 Februari

Klabu imeanza rasmi. Ni watoto wa darasa la tano na la sita wa shule ya msingi ya serikali upande wa Kirumba, hapa Mwanza, na tunakutana Jumamosi asubuhi hadi saa sita mchana. Lengo ni moja: mtoto anayekulia kando ya Ziwa Victoria aweze kumtazama mnyama yeyote, aseme yuko kundi gani na kwa nini, halafu aende mtandaoni kuhakikisha. Hayo maneno "kwa nini" nimeyaandika ubaoni kwa chaki nyekundu na sitaki yafutwe.

Kwenye kitabu cha Sayansi na Teknolojia uainishaji wa viumbe upo, na umepangwa vizuri: wenye uti wa mgongo na wasio nao, kisha mamalia, ndege, reptilia, amfibia na samaki. Watoto wanaukariri, wanajibu mtihani, wanapata vema. Lakini leo nilipowauliza kama dagaa ana uti wa mgongo, karibu nusu ya klabu walisema hana, na dagaa wenyewe wamewala jana usiku. Hilo ndilo linalonisukuma. Somo la kitabuni na samaki wa kwenye sahani bado havijakutana.

Vifaa: kishikwambi changu, kimoja kati ya vile vya sensa ya 2022 ambavyo baadaye tuligawiwa walimu, simu janja za kuazima kwa walimu wenzangu, projekta ya shule, umeme ukiwepo, lenzi za mkono, karatasi za manila. Bando nanunua mwenyewe, kwa hiyo chochote kinachoweza kupakuliwa nyumbani nakipakua usiku. Nimechagua Seek na iNaturalist kwa kutambua viumbe kwa picha, FishBase kwa samaki, OneZoom kwa mti wa uhai, Animal Diversity Web ya Chuo Kikuu cha Michigan kwa maelezo marefu ya mnyama mmoja mmoja, na Wikipedia ya Kiswahili ambayo nimeipakua kupitia programu ya Kiwix, isomeke bila intaneti, na kuiweka kwenye memori kadi. Nyingi ya hizi ni za Kiingereza na watoto wetu wanasoma kwa Kiswahili. Nitakuwa natafsiri kwa mdomo, na yale ya msingi nayaandika kwenye kadi.

Sheria ya klabu: alama kwanza, jina baadaye. Hakuna kumwelekezea mnyama kamera kabla hujaandika daftarini alama tatu ulizoziona kwa macho yako.

10 Februari

Siku ya kupanga makundi. Niligawa picha nilizochapisha za popo, kenge, chura, dagaa, kongoti, konokono, mbu, pimbi, kaa, nyoka, kambale na mbuzi, nikawaambia wapange wanavyoona wao, vitabu vikiwa vimefungwa.

Kundi la kwanza lilipanga hivi: wanaoliwa, wasioliwa, na wanaotula sisi. Mbu alikuwa peke yake kwenye fungu la tatu. La pili likapanga wa majini, wa nchi kavu na wa kote kote. La tatu, ambalo wengi wao ni watoto wa wavuvi, likapanga kwa namna ya kumkamata: kwa nyavu, kwa ndoana, kwa mtego, kwa mkono. Sikufuta hata moja. Kila mpango una kazi yake, na mvuvi anauhitaji huo wa nyavu na ndoana kila siku ya Mungu. Nikawauliza tu: mbuzi akitumbukia ziwani, amehama kundi? Wakacheka. Kisha mvulana mmoja wa darasa la sita akasema, "Mwalimu, tuangalie mwili wake, tusiangalie anakaa wapi." Nikamwomba arudie kwa sauti ili wa nyuma wasikie.

Popo alileta zogo. Wengi walimweka na ndege kwa ajili ya mabawa. Binti mmoja wa darasa la tano akakataa: popo ana meno, ana masikio, na kwa bibi yake Ukerewe amewahi kumwona popo kwenye mwembe akiwa na mtoto kifuani. Tulipofungua ukurasa wa popo kwenye Kiwix sikusoma mimi, nilimpa yeye asome. Popo akahamishwa kwenda kwa mamalia, na waliomhamisha ni watoto wenyewe.

Mwisho nikawaandikia ngazi saba: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Nikawaeleza kwa kifupi habari za Carl Linnaeus, Msweden ambaye toleo la kumi la kitabu chake, la mwaka 1758, ndilo linalohesabiwa hadi leo kuwa mwanzo wa majina ya kisayansi ya wanyama. Sikuwaambia wakariri. Wakizitumia zitakaa kichwani.

17 Februari

Mwanza ni mji wa mawe, na mawe ya nyuma ya shule yana mijusi. Leo somo letu lilikuwa yule dume mwenye kichwa na mabega mekundu ya kukolea na mwili wa buluu, anayepanda juu ya jiwe na kuinua na kushusha kichwa mbele ya wenzake. Kila mtoto wa mji huu anamfahamu, na wengi wamewahi kumrushia jiwe.

Tulikaa kivulini kimya mpaka akatuzoea. Alama zikaandikwa: magamba makavu, miguu minne, kucha, kichwa bapa, mkia mrefu kuliko mwili. Mtoto mmoja aliyekuwa mbele akanong'ona, "Amefumba macho!" Hiyo ni alama kubwa. Mjusi kafiri wa ukutani, yule anayekula wadudu chini ya taa, hana kope za kufumba, huyu anazo. Niliwapa kazi ya nyumbani wakamchunguze wa ukutani usiku.

Ndipo tukafungua Seek. Juu ya skrini kuna nukta saba, moja kwa kila ngazi. Kadiri kamera inavyopata uhakika, nukta zinajaa moja baada ya nyingine. Ya himaya ilijaa mara moja. Ya faila ikafuata, ya ngeli ikatokea "reptilia" na watoto wakashangilia kwa sababu walishaandika hivyo daftarini. Tulisogea hatua mbili, tukamngoja ageuke ubavu, na nukta ya saba ikajaa: Agama mwanzae. Spishi hii ilielezwa na Arthur Loveridge mwaka 1923, na kama jina linavyoonyesha, ni mjusi wa hapa hapa Mwanza. Sidhani kama kuna mtoto wa klabu atakayemrushia jiwe tena.

Baadaye wakajaribu kwa konokono mdogo wa bustanini. Nukta zikafika kwenye ngeli zikagoma kuendelea. "Imeshindwa," mmoja akasema. Hapa nilisimama kwa muda mrefu, maana ndilo jambo ninalotaka walishike kuliko yote. Programu haijashindwa. Imesema inalolijua na kuishia hapo. Mtoto anayesema "ni mdudu mwenye mabawa mawili, zaidi ya hapo sijaona" ametoa jibu kamili la kisayansi. Anayetaja jina la spishi asiloweza kulitetea hajatoa jibu lolote.

Kwa walimu wengine wanaofikiria kuanza: Seek haidai kujisajili, na kazi ya kutambua inafanyika ndani ya simu bila intaneti. Kwa watoto wadogo ni salama kuliko kuwafungulia akaunti.

24 Februari

Hakuna umeme tangu asubuhi. Kiwix kwenye kishikwambi ilitosha. Watoto wameandika kadi za mamalia. Waliomchunguza mjusi wa ukutani wameleta taarifa: hafumbi macho, anayalamba kwa ulimi. Nimefurahi sana.

9 Machi

Tulikwenda kwenye mwalo mdogo ulio karibu na shule, kwa ruhusa ya wazazi na ya kamati ya mwalo. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikapokelewa, na mama mmoja anayepara samaki akakubali watoto wamzunguke akifanya kazi yake.

Alikuwa na sangara wa ukubwa wa kati. Niliwaambia watoto kwamba sangara akiachwa akue anaweza kufikia urefu wa mita 2 hivi na uzito wa kilo 200, na yule mama akatikisa kichwa: zamani ndiyo, siku hizi hawakui wakafika huko. Akampasua tumbo, akaingiza mkono juu ya matumbo, chini kabisa ya uti wa mgongo, akatoa bondo zima, jeupe, linang'aa. Watoto wote wanajua mabondo ni fedha, yananunuliwa na wachuuzi kwa bei inayoizidi mbali nyama yenyewe. Hakuna aliyejua samaki analifanyia nini. Mama akajua: "Ndilo linalomfanya aelee. Akipandishwa haraka toka chini, linafura." Ni sahihi kabisa. Bondo ni kibofu cha hewa, na sangara hulitumia kujiweka sawa majini asizame wala asipande bila kutaka.

Pembeni kulikuwa na beseni lenye kambale mamba, hai, ambaye wengine humwita kamongo. Hapa ndipo tulipokaa asubuhi yote. Mapezi yake si mapezi ya kawaida: ni manne, membamba na marefu, mawili mbele na mawili nyuma, na yanajongea kwa zamu. Kila baada ya muda anapanda, anatoa mdomo nje ya maji, anavuta hewa, anashuka. Mzee mwenye beseni akatuonya tusiweke vidole, maana anauma vibaya. Kisha akasema jambo nililomwomba alirudie polepole watoto waandike: "Huyu akinasa kwenye wavu chini na asiweze kupanda, anakufa. Anakufa maji, samaki mzima."

16 Machi

Ubaoni: kambale mamba, sangara, ng'ombe. Wawili wepi wana undugu wa karibu zaidi?

Mikono yote juu: kambale mamba na sangara. Nikawasha projekta, nikafungua OneZoom. Ni mti mmoja mkubwa wa viumbe vyote, unaanza na tawi unalolitaka na kurudi nyuma hadi lilipochipukia. Tukaanza kwa kambale mamba, tukarudi nyuma. Tawi la kwanza la wanyama waliozoeleka kukutana naye halikuwa la sangara. Lilikuwa la wanyama wote wa miguu minne: vyura, mijusi, ndege, ng'ombe, sisi. La sangara tukalikuta nyuma zaidi, na njia hizo mbili zilitengana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita.

Darasa lilichafuka. Mvulana mmoja alisimama akiwa amekasirika kweli: "Lakini wote wana mapezi na wote wanakaa majini!" Sikumnyamazisha, hoja yake ni nzuri. Nikamwuliza kama ana binamu aliyekulia Dar es Salaam. Anaye. Mnafanana mavazi? Hapana. Na jirani yako wa Kirumba mnayevaa sare moja na kucheza mpira pamoja, mna babu mmoja? Hapana. Akakaa, akafikiri, akasema, "Kwa hiyo sangara ni jirani wa kambale mamba." Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema.

Kisha tukarudi kwenye ushahidi, kwa sababu mti peke yake ni picha tu. Kambale mamba ana mapafu mawili. Mapezi yake manne yamekaa mahali pa mikono na miguu. Sangara yuko kwenye kundi la samaki ambao mapezi yao yanashikwa na miiba myembamba, na bondo lake na pafu la kambale mamba vina asili moja. Nilipotamka hilo wale walioshika bondo mwaloni walitazamana.

Binti wa Ukerewe akauliza swali bora la mwezi mzima: "Mwalimu, na kambale wa kawaida naye anatembea matopeni mvua ikinyesha. Naye ni ndugu yetu wa karibu?" Tukaingia FishBase kwa Clarias gariepinus. Anavuta hewa, ndiyo, lakini si kwa mapafu. Ana kiungo chenye matawi juu ya matamvua. Mti unamweka upande wa sangara. Wawili wanaweza kuwa na tabia moja na kila mmoja akawa ameipata kwa njia yake.

Mwenzangu mmoja ofisini ana wasiwasi kwamba nitawachanganya watoto, mtihani unataka makundi matano. Nauheshimu wasiwasi wake. Nimewapa daftari lenye safu mbili: upande mmoja kundi la kitabuni, upande wa pili ukoo wake kwenye mti. Makundi matano ni ya kupanga kwa haraka na yanafaa. Mti unaeleza nani ametoka kwa nani. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kubeba yote mawili bila taabu akielezwa kila kimoja ni cha nini, na nimeshaona wanavyoweza.

23 Machi

Dagaa. Kila mtoto alipewa mmoja mkavu. Wakampasua kwa ukucha toka kichwani hadi mkiani, wakaweka chini ya lenzi. Uti wa mgongo huo hapo, pingili kwa pingili. Suala la tarehe 3 Februari limefungwa.

Nikaleta na dagaa wa Kigoma niliowanunua sokoni. Tukatafuta wote wawili FishBase na kupanda ngazi. Dagaa wetu ni Rastrineobola argentea, yuko oda moja na ningu wa mitoni. Wa Kigoma ni aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na oda yao ni ile ya sadini wa baharini. Tunawaita jina moja kwa sababu wote wawili ni wadogo, wanang'aa, na wanavuliwa usiku kwa taa. Kwa mpishi hilo linatosha.

Jambo moja liliwasumbua. Vyanzo vya zamani vinamweka dagaa wetu kwenye familia ya Cyprinidae, na FishBase sasa inamweka Danionidae. "Nani mkweli?" Niliwaambia dagaa hajabadilika, kilichobadilika ni ushahidi, hasa wa vinasaba, na ndiyo maana tunaandika tarehe tuliyosoma ukurasa kando ya kila kadi.

6 Aprili

Likizo fupi, lakini walio jirani walikuja. Leo mawingu ya wadudu wa ziwani yameonekana toka ufukweni, yakipanda mbali juu ya maji. Huwa wanatoka kwa wingi karibu na mwezi kuandama. Tulikusanya waliokufa chini ya taa ya barazani. Kila mmoja ana mabawa mawili, na mahali pa mabawa ya nyuma pana vijiti vidogo sana vya kumsaidia kujisawazisha hewani. Kwa hiyo ni oda moja na mbu na nzi. Seek ilifika kwenye familia, nasi tukaishia hapo hapo.

20 Aprili

Konokono. Nilianza na sheria: hakuna anayeingia majini, hakuna anayeokota kitu kilicho ndani ya maji. Tuliokota makombe makavu tu, juu kabisa ya ufukwe, tukiwa na viatu.

Kuyapanga ni rahisi na kunapendeza. Shika kombe ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama. Mengi mdomo ulikuwa kulia. Machache ulikuwa kushoto, hao wanaelekea kuwa Bulinus. Na kulikuwa na yale bapa, yaliyojiviringa bila kunyanyuka: Biomphalaria. Watoto wameyapanga kwenye manila kwa mafungu matatu.

Kisha tukazungumza kichocho. Wote wamewahi kumeza dawa zake shuleni, hakuna aliyekuwa amemwona konokono wake na kujua ndiye. Biomphalaria hubeba vijidudu vya kichocho cha tumbo, na Bulinus vya kichocho cha mkojo. Konokono mwenyewe hamwambukizi mtu. Vinavyotoka ndani yake huogelea na kupenya ngozi ya aliyesimama majini, na vikikua mwilini huwa minyoo bapa. Faila mbili kwenye ugonjwa mmoja, moluska na minyoo bapa. Kwa watoto wanaotumwa maji ziwani kila jioni, uainishaji huu si wa mtihani. Mmoja ameomba kupeleka picha ya yale makombe bapa nyumbani akamwonyeshe mama yake.

4 Mei

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, safari fupi ya boti toka mjini. Mahali hapa palianza kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, na pakawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Wazazi walichangia nauli, Mungu awabariki.

Nilikuwa nimewaandaa kwa mnyama mmoja tu, pimbi. Wako juu ya mawe wanaota jua, tena hawana haraka. Kabla ya kuondoka niliwauliza ndugu yake ni nani, na majibu yalikuwa panya, sungura, hata nguchiro. Leo kazi ilikuwa kuhesabu vidole kwa darubini ya mkono. Miguu ya mbele vinne, ya nyuma vitatu. Kucha fupi, butu, zinaelekea kuwa kwato. Askari wa hifadhi alitusaidia kumpata mmoja aliyepiga miayo, na meno mawili marefu ya juu yakaonekana vizuri.

Ukurasa wa Animal Diversity Web nilikuwa nimeuhifadhi. Nilitafsiri sentensi kwa sentensi hadi tulipofika kwenye ndugu zake: tembo, na nguva wa Bahari ya Hindi. Ukipanda ngazi kidogo unawakuta pia muhanga na sange, wote wa ukoo mpana uliotokea Afrika. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanamtazama pimbi upya. Mtoto aliyekuwa amesema panya alichukua daftari lake, akachora mstari mmoja, akaandika "tembo", na chini yake, bila kuambiwa, akaorodhesha alama: vidole, kwato, meno.

18 Mei

Baba wa mwanafunzi mmoja, mvuvi, ametuletea ndoo ya furu, samaki wadogo wa ziwani, waliovuliwa karibu na mawe. Watoto walidhani amekosea. Furu ni chambo cha sangara, nani anasoma furu?

Nikaandika ubaoni: 500. Hilo ndilo kadirio la chini la spishi za furu wa ziwa hili, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wanasayansi wanaeleza kwamba ziwa lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, likajaa tena, na utajiri huu mkubwa wa aina ukatokea ndani ya muda huo mfupi. Tuliwamwaga kwenye sinia. Dakika kumi za kwanza walikuwa "furu". Kisha mtu akaona midomo haifanani. Kisha meno: kuna wa kukwangua mwani kwenye mawe, kuna wenye taya nene za kuvunja konokono. Kisha rangi. Kufikia saa tano kulikuwa na mafungu sita kwenye sinia na mabishano juu ya la saba.

Niliwaonyesha FishBase ukurasa wa Pundamilia nyererei, dume mwekundu mgongoni, mwenye milia myeusi ubavuni. Alielezwa mwaka 1985 kutokana na samaki wa Ghuba ya Mwanza na akapewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Anaye ndugu wa karibu, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya buluu. Jike huchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa maangavu kila mmoja anashika njia yake. Maji yakichafuka kwa tope na mwani, rangi hazionekani vizuri, na aina mbili zinaanza kuchanganyika ziwe moja. Uchafu tunaoumwaga mitaroni unafika hadi huko.

Halafu habari ya sangara. Aliletwa kwenye ziwa hili miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuchunguza furu hapa Mwanza mwaka 1977, na miaka ya 1980 sangara walipoongezeka ghafla, spishi walizokuwa wakiziona kila wiki zikaacha kuonekana kwenye nyavu. Inakadiriwa kwamba kama 200 zilitoweka. Sikumfanya sangara adui. Sare za watoto hawa zimetoka kwake, na maji kuchafuka kumechangia vile vile. Niliwaambia pia kwamba tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wameanza kuongezeka tena.

Binti mmoja akauliza, "Waliotoweka walikuwa na majina?" Baadhi walikuwa nayo. Wengine walitoweka kabla ya mtu yeyote kuwaeleza rasmi. Aliandika hilo daftarini na kulipigia mstari. Mimi nimefundisha miaka mingi na sijawahi kupata nafasi nzuri namna hii ya kueleza kwa nini tunahangaika na familia, jenasi na spishi. Aliyewaona wote kuwa "furu" hawezi kugundua kwamba mmoja hayupo.

25 Mei

Mkutano wa mwisho kabla ya likizo ndefu. Picha zetu bora sasa ziko iNaturalist, kwenye akaunti yangu, kwa kuwa mtoto aliye chini ya miaka 13 haruhusiwi kujifungulia yake mwenyewe. Mahali pa picha zote za karibu na shule nimepaficha kwenye mipangilio, na hakuna picha yenye sura ya mtoto. Kupata alama ya kuaminika kwa utafiti lazima watambuzi wasiopungua wawili wakubaliane, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wawe upande mmoja. Mijusi yetu ya mawe imeshaipata. Fundichuma, ambaye kikundi kimoja kilimwandika "korongo", alirekebishwa na mtu wa mbali: yuko peke yake kwenye familia yake, tena karibu zaidi na mwari kuliko korongo. Kikundi hicho kiliomba kimjibu, kikaandika alama tatu zilizowafanya wadhani ni korongo, nikazitafsiri. Alijibu kwa heshima, akitaja alama kwa alama.

Yanayofuata Julai: kadi za Kiswahili za furu, lenzi ndogo ya kubana kwenye simu ili meno yaonekane, na sauti za ndege kutoka tovuti ya xeno-canto, tuanze na furukombe ambaye kila mtu hapa ameshamsikia. Mwalimu mmoja wa Sengerema ameomba nakala ya memori kadi ya Kiwix na nimeshamtengenezea. Yule mzee wa mwaloni ameahidi kutuwekea kambale mamba mwingine kwenye beseni kubwa zaidi, na watoto wameshagawana kazi: wawili washike saa wapime anakaa chini muda gani kabla ya kupanda kuvuta hewa, wawili waandike, na mmoja amwulize mzee maswali yaliyobaki.